Maji Kwanza, Kidonge Baadaye

Iko desturi moja katika mabweni yetu ambayo watu wengi huihesabu kuwa ni wema mtupu. Msichana akilalamika kichwa, mgongo au tumbo, haupiti muda mrefu kabla ya jirani yake kufungua sanduku la bati, kutafuta chini ya sare na madaftari, na kumtolea kidonge cha diklofenaki au ibuprofeni. Hakuna anayemwuliza amekunywa maji kiasi gani tangu asubuhi, wala kama amekula, wala kama anaharisha. Kidonge humezwa kwa funda moja la maji, taa huzimwa, na kesho yake aliyepewa humshukuru aliyempa. Mimi naona ya kuwa desturi hii, ijapokuwa inatoka katika moyo mwema, yafaa tuiache. Nami nitajaribu kueleza kwa nini, maana sipendi kuwaambia wenzangu "msifanye" bila ya kuwaonyesha sababu.

Kwanza naomba nieleweke vizuri. Sisemi kwamba dawa hizi ni sumu. Mtu mzima wa afya, ambaye hana ugonjwa wa figo wala wa tumbo, aliyekunywa maji ya kutosha, akimeza kidonge kimoja au viwili kwa kipimo kilichoandikwa, kwa kawaida figo zake hazitadhurika. Hatari iko mahali pengine. Iko pale dawa inapokutana na mwili wenye kiu, kwa sababu katika mwili wenye kiu figo husimama kwa msaada wa homoni, na dawa hii huja ikaondoa msaada huo. Haya ndiyo maneno niliyotaka kuyasema, na yote yatakayofuata ni maelezo yake tu.

Tuanze na figo zenyewe. Kila mmoja wetu ana figo mbili, kila moja ukubwa wake kama ngumi. Kwa uzito, zote mbili pamoja hazifiki hata sehemu moja katika mia mbili ya mwili. Lakini hupokea karibu sehemu moja katika tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani zaidi kidogo ya lita moja kila dakika. Ndani ya kila figo mna machujio madogo yapata milioni moja. Machujio hayo huchuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku moja. Lau maji hayo yote yangetoka kama mkojo, tungekufa kabla ya chakula cha mchana. Basi figo huyarudisha karibu yote katika damu, na kinachotoka nje ni kama lita moja na nusu tu, pamoja na takataka ambazo mwili hauzitaki.

Sasa fikirini chujio moja katika hayo. Lina mshipa mwembamba wa kuingilia damu na mshipa mwembamba wa kutokea damu. Ili kazi ya kuchuja ifanyike, lazima damu iwe na msukumo ndani ya chujio, kama vile maji ya bomba yasivyopanda ghorofani pasipo msukumo. Mshipa wa kuingilia ukipanuka, damu nyingi huingia na msukumo huongezeka. Ukibana, msukumo hupungua. Mshipa wa kutokea ukibana kidogo, damu huchelewa kutoka na msukumo hubaki ndani. Ukilegea, msukumo hushuka. Kwa hiyo figo ni kama shamba la mpunga lenye lango la kuingizia maji na lango la kutolea maji, na mafanikio yake yote yanategemea walinzi wa malango hayo mawili. Walinzi hao ni homoni.

Sisi tuliosoma Biolojia twajua ya kuwa homoni ni wajumbe wa kemikali wanaotoka katika tezi na kusafiri ndani ya damu. Yatupasa tuone jinsi wanavyofanya kazi siku mtu anapopungukiwa na maji, kwa mfano siku ya mashindano ya michezo, jua linapowaka tangu saa tatu asubuhi, au siku ya kuharisha, au siku ya homa kali. Mjumbe wa kwanza ni vasopresini, ambaye hutoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Yeye huiambia figo: "Rudisha maji." Ndiyo maana siku hiyo mkojo huwa kidogo na rangi yake huwa kama chai ya rangi. Mjumbe wa pili hutoka katika figo yenyewe, naye huitwa renini. Aligunduliwa mwaka 1898 huko Stockholm na Robert Tigerstedt na msaidizi wake Per Bergman. Renini huanzisha kazi ambayo mwisho wake ni kupatikana kwa homoni kali iitwayo anjiotensini. Hiyo huibana mishipa ya mwili ili shinikizo la damu lisianguke, hutuletea kiu, na huziamsha tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni, ambayo huifanya figo ishike chumvi isipotee. Katika figo, anjiotensini huubana hasa ule mshipa wa kutokea, na kwa njia hiyo husaidia kushika msukumo ndani ya chujio.

Lakini hapa pana shida. Mwili wenye kiu ukiendelea kupiga mbiu kwamba mishipa ibane, hata mshipa wa kuingilia wa figo nao huanza kubana. Lango la kuingizia maji likifungwa, shamba litakauka. Mwenyezi Mungu hakuiacha figo bila ya kinga. Figo hujitengenezea wajumbe wake wenyewe, waitwao prostaglandini. Hawa hawasafiri mbali kama homoni nyingine. Hufanya kazi papo hapo walipozaliwa, kama balozi wa nyumba kumi ambaye amri yake haivuki mtaa. Kazi yao katika figo wakati wa kiu ni kuushika wazi mshipa wa kuingilia, ili damu iendelee kuingia hata kama mwili mzima unabana. Siku ambayo mtu amekunywa maji ya kutosha, figo huwahitaji kidogo sana. Siku ya kiu, wao ndio nguzo.

Je, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hufanya nini? Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899, na kwa miaka zaidi ya sabini watu waliimeza bila ya mtu yeyote kuweza kueleza barabara inavyofanya kazi. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja wa London, John Vane, ndiye aliyeonyesha ya kuwa aspirini na jamaa zake huzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden. Basi siri yote ya dawa hizi ndiyo hiyo. Prostaglandini ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu katika kifundo cha mguu kilichoteguka. Ndizo pia zinazoukamua mfuko wa uzazi wakati wa hedhi mpaka msichana akajikunja kitandani. Kidonge huzizuia, na maumivu hupungua. Lakini kidonge hakijui kuchagua. Hakiwezi kuambiwa: "Zuia prostaglandini za tumboni, ziache za figo." Huzizuia popote kinapozikuta. Ile iliyokuwa adui wa tumbo ilikuwa rafiki wa figo, na wote wawili hupigwa kwa fimbo moja.

Sasa yaunganisheni mambo haya mawili. Msichana amekimbia mita 1,500 mchana, ametoka jasho, amekunywa kikombe kimoja cha maji tangu asubuhi. Mwili wake umetoa vasopresini, renini na anjiotensini. Mishipa imebana. Figo zake zinashikiliwa na prostaglandini. Jioni mguu unamwuma, naye anapewa diklofenaki. Nguzo inaondolewa wakati nyumba imeielemea kwa uzito wote. Mshipa wa kuingilia unabana, msukumo ndani ya chujio unaanguka, na takataka zilizokuwa zitoke zinabaki katika damu. Mara nyingi, mtu akinywa maji na kuacha dawa, figo hurudia kazi yake. Lakini si kila mara, na haifai kuijaribu bahati hiyo kila muhula.

Labda mtu atasema kwamba haya ni maneno ya vitabuni tu. Basi mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji 89 wa mbio za maili 50, yaani kilomita 80. Baadhi yao walipewa ibuprofeni ya miligramu 400 kila baada ya saa nne, na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa, bila ya wao kujua nani amepewa nini. Mwisho wa mbio damu zao zilipimwa. Miongoni mwa waliomeza ibuprofeni, 52 katika kila mia walionekana figo zao zimepata dhara la ghafla. Miongoni mwa wale wengine, 34 katika kila mia. Ni haki niseme pia kwamba wakimbiaji 89 si wengi, na tofauti ya namna hiyo katika watu wachache yaweza kuongezwa au kupunguzwa na bahati. Hata hivyo, tazameni hesabu ya pili: hata wasiomeza kitu, mmoja katika kila watatu figo zake zilitaabika kwa mbio na jasho peke yake. Je, ni busara kuziongezea mzigo siku kama hiyo? Nasi hapa shuleni tunao wale wanaomeza kidonge kabla ya mbio, ili maumivu yasiwakute njiani. Huyo ndiye ninayemhofia kuliko wote, maana amezitoa figo zake vitani bila ya ngao.

Napenda kuongeza neno juu ya maji, ili nisieleweke vibaya. Niliposema maji kwanza, sikuwa na maana ya kunywa ndoo nzima. Prostaglandini zina kazi nyingine ndani ya figo: humpunguzia nguvu yule vasopresini asizidishe kushika maji. Mtu akimeza dawa hizi, kisha akalazimisha maji mengi kupita kiu yake wakati wa mbio ndefu, figo huweza kushindwa kuyatoa. Chumvi ya damu huyeyushwa kupita kiasi, na ubongo huvimba. Wako wakimbiaji waliokufa kwa kunywa maji kupita kiasi. Basi tunywe kwa kadiri ya kiu, tangu asubuhi, kidogo kidogo, wala tusingoje mpaka ulimi ukakauka ndipo tukimbilie bomba kama ng'ombe waliotoka malishoni.

Jambo hili halikomei getini pa shule. Likizo ikifika tunarudi nyumbani, na huko wengi wetu tuna bibi au babu anayemeza dawa za presha. Baadhi ya dawa hizo, kama vile kaptoprili na enalaprili, hufanya kazi kwa kuzuia kutengenezwa kwa ile homoni ya anjiotensini. Historia yake inapendeza. Mwaka 1965 mtaalamu wa Brazili, Sérgio Ferreira, alieleza juu ya kitu alichokipata katika sumu ya nyoka wa kwao, na baadaye akaenda London kufanya kazi katika maabara ya yuleyule John Vane. Njia iliyoanzia kwenye sumu hiyo ndiyo iliyowafikisha wataalamu kwenye kaptoprili, ambayo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1981. Ni dawa njema, imewaokoa watu wengi, na kwa wagonjwa wengi huzilinda figo kwa miaka mingi. Lakini kumbukeni lile lango la kutolea maji. Anjiotensini ikizuiwa, mshipa wa kutokea hulegea. Tena bibi huyohuyo mara nyingi hupewa dawa ya kukojosha, ambayo hupunguza maji mwilini mwake. Sasa aje mjukuu kutoka shuleni, amwone bibi anaumwa magoti, na kwa upendo wake amnunulie diklofenaki dukani. Diklofenaki inabana lango la kuingilia, dawa ya presha imelegeza lango la kutokea, dawa ya kukojosha imepunguza maji ya mtoni. Kila dawa peke yake ilikuwa na faida. Zikikutana zote tatu, figo hupigwa kutoka pande tatu. Waganga wanaijua sana hatari hii ya dawa tatu kukutana. Sisemi bibi aache dawa zake za presha; kuziacha bila ya amri ya mganga ni hatari kubwa. Nasema tusimwongezee kidonge cha maumivu kabla ya kumwuliza mganga anayemtibu, na akiharisha au kutapika sana apelekwe zahanati upesi.

Iko pia habari ya mji mmoja wa Sweden uitwao Huskvarna, ambayo inafaa sana kwa watu wanaoishi pamoja kama sisi. Huko kulikuwa na kiwanda kikubwa cha silaha. Baada ya homa kali ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918, wafanyakazi walizoea kunywa unga wa dawa ya maumivu wenye fenasitini ndani yake. Homa ilikwisha, lakini mazoea hayakwisha. Watu waliunywa ili wapate nguvu ya kazi, na walipeana kama watu wanavyopeana peremende. Miaka ilipita, ndipo waganga wakaona kwamba wengi wa watu hao wanakufa kwa ugonjwa wa figo. Sweden iliizuia fenasitini isiuzwe ovyo mwaka 1961, na Marekani iliiondoa sokoni mwaka 1983. Fenasitini haikuziharibu figo kwa njia ileile niliyoieleza hapo juu. Iliziharibu polepole, kwa miaka mingi. Nimeitaja kwa ajili ya funzo moja tu: kila mmoja wa watu wale aliona jirani yake anakunywa na haanguki, basi akadhani ni salama. Figo hazipigi kelele. Jino likioza huuma, lakini figo huweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi yake, na mwenyewe anacheza netiboli.

Nayajua majibu ya wenzangu, na baadhi yake yana haki. Wako watakaosema: "Mimi nimemeza mara nyingi wala sikuona kitu." Huyo nimekwisha kumjibu kwa habari ya Huskvarna. Wako wengine watakaosema: "Maumivu ya hedhi si mchezo. Matroni hupatikana kwa saa zake, na maumivu hayangoji saa." Hawa wanasema kweli, wala siwezi kuwapuuza, kwa maana mimi ni msichana kama wao. Msichana anayelia saa sita za usiku hapaswi kuambiwa avumilie mpaka mapambazuko kwa ajili ya kanuni. Tena ni kweli kwamba kwa maumivu ya hedhi dawa za aina hii zinafaa kuliko nyingine nyingi, kwa sababu zinapiga penye shina la maumivu yenyewe. Kama tukipekuliwa masanduku na kunyang'anywa vidonge, pasipo kupewa njia nyingine, tutavificha katika viatu na ndani ya mito, na hatari itabaki palepale ila sasa itakuwa gizani.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, nami nawaomba Mwalimu Mkuu, Matroni wetu na viranja wayafikirie.

La kwanza, vidonge vyote vitoke masandukuni na viwekwe katika kabati la Matroni, kila mtu na jina lake, bila ya adhabu kwa yeyote atakayevitoa kwa hiari. Lakini kabati hilo lifunguliwe pia jioni baada ya masomo ya usiku, na iwepo njia ya kumwamsha Matroni usiku kwa ajili ya mwenye maumivu makali.

La pili, liwepo daftari. Aandikwe aliyepewa, dawa gani, saa ngapi. Daftari hilo litamwonyesha Matroni yule ambaye anaomba kidonge kila siku, naye apelekwe kwa mganga, kwa kuwa maumivu ya kila siku yanataka kuchunguzwa.

La tatu, ndoo za bomba zenye maji safi ziwekwe uwanjani siku za michezo na katika kila bweni usiku. Shule inayotuhimiza kukimbia, nayo iwe tayari kutupa maji.

La nne, kabla ya kupewa diklofenaki au ibuprofeni, kila msichana aulizwe maswali matatu: Umekunywa maji leo, na umekojoa? Umekula? Una homa, unatapika au unaharisha? Akiwa mkavu, apewe maji na apumzike kwanza. Akiwa anaharisha, anatapika au ana homa, asipewe dawa hizo kabisa, apelekwe zahanati. Twajua kwamba hapa kwetu homa yaweza kuwa malaria, na malaria kali yenyewe huharibu figo. Kuimezea diklofenaki ili uingie darasani ni kuongeza kuni katika moto. Kwa homa na kichwa, parasetamoli kwa kipimo chake haigusi figo kwa njia hii. Ila nayo ina mpaka wake, kwani ikizidishwa huua ini, na mtu mzima hapaswi kuzidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500.

Mambo haya manne hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kabati, daftari, ndoo na maswali matatu. Tukilinganisha na gharama ya mtu ambaye figo zake zimekufa, ni kitu kidogo sana. Mtu huyo kwa kawaida hulazwa kando ya mashine ya kuchuja damu mara tatu kila juma, yapata saa nne kila mara, na hivyo ndivyo ataishi mpaka apate figo ya mtu mwingine, au mpaka mwisho wa maisha yake. Mashine hiyo kubwa hufanya kwa taabu sehemu tu ya kazi ambayo figo zetu hufanya bure usiku na mchana, nasi tumelala.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ufa ni mdogo, na sote twauona: kidonge kinachotoka sandukuni usiku na kumezwa na mtu mwenye kiu. Wema wa kumsaidia mwenzako usipotee. Tuuhifadhi, ila tuubadilishe sura. Jirani yako akilalamika usiku, usifungue sanduku. Mchotee kikombe cha maji, mwulize yale maswali matatu, kisha mshike mkono mwende pamoja kwa Matroni. Huo utakuwa wema uliokamilika, na figo zake zitakushukuru, ijapokuwa hazina kinywa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne